Mionzi ya siku tano: je, mama yetu amekatiwa tamaa?

"Shikamoo daktari. Ninaandika kutoka Kasulu, Kigoma. Mama yetu ana miaka 61. Alianza kutokwa damu mwaka jana, ukafuata uchafu wenye harufu kali na maumivu ya kiuno yanayoshuka mguu wa kushoto. Mguu wenyewe umevimba. Hospitali ya Maweni walichukua kinyama, majibu yakaja saratani ya mlango wa kizazi. Ultrasaundi imeonyesha figo ya kushoto imejaa maji, na picha ya kifua ina madoa kwenye mapafu yote mawili. Wameandika hatua ya nne. Tumepewa rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, na daktari amesema huenda akapewa mionzi ya siku tano. Jirani yetu alikuwa na ugonjwa huohuo, akapigwa mionzi zaidi ya mwezi na sasa analima. Kwa nini mama siku tano tu? Kaka anasema wamemkatia tamaa kwa sababu ya umaskini wetu, anataka auze shamba tumpeleke kwingine akatolewe kizazi. Shangazi anasema mionzi itamuunguza na wajukuu wasilale naye tena. Mama mwenyewe hatujamwambia yote. Safari ya Mwanza ina maana, au tumwache apumzike nyumbani?"

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Umeuliza mengi, lakini naona linalowagawa wewe na kaka yako ni moja: hizo siku tano ni tiba kweli, au ni namna ya hospitali kuwaaga kwa upole?

Ni tiba kweli. Tofauti iko kwenye lengo. Jirani yenu alipigwa mionzi ili saratani iondoke kabisa. Mama yenu, kama yaliyoandikwa kwenye barua ya rufaa ni sahihi, atapigwa ili damu ikome, harufu ipungue na maumivu yashuke, apate kukaa sebuleni na wageni badala ya kujifungia chumbani. Hii ndiyo tunayoiita tiba shufaa. Haiponyi saratani, na asije mtu akawaambia kwamba inaponya.

Nimesema "kama" kwa makusudi. Maumivu yanayoshuka mguu, mguu kuvimba na figo ya upande huohuo kujaa maji, vikikutana, huashiria kwamba saratani imefika kwenye ukuta wa nyonga na kuubana mrija unaotoa mkojo kwenye figo. Hiyo peke yake ni hatua ya tatu. Na hatua ya tatu bado tunaitibu kwa nia ya kuponya, pale mwili na figo vinapostahimili. Hawaponi wote, ila wapo wanaopona. Kilichomsogeza mama yenu hadi ya nne ni yale madoa ya mapafuni.

Sasa, kwetu Tanzania doa la pafuni halina budi kuulizwa mara mbili. Linaweza kuwa kifua kikuu, kovu la kifua kikuu cha zamani, au nimonia. Vivimbe vya mviringo, vingi, vya ukubwa mbalimbali, vilivyotapakaa pande zote mbili, mara nyingi ni saratani iliyosafiri. Madoa ya sehemu ya juu ya pafu, hasa yenye tundu katikati, humfanya daktari afikirie TB kwanza. Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu siku tano au wiki tano, ulizeni: makohozi yamepimwa? Mama amepimwa VVU? Picha imesomwa na bingwa wa radiolojia? Kipimo cha TB kwenye vituo vya serikali ni bure. Kikionyesha TB, mpango wote unafunguliwa upya na huenda mama akastahili tiba ndefu kama ya jirani. Kisipoonyesha, na picha ikabaki vilevile, basi mmeambiwa ukweli na daktari wenu.

Nieleze kwa nini muda unatofautiana. Mionzi huua seli kwa kukata nyuzi za vinasaba vyake, na haichagui: kibofu kiko mbele ya mlango wa kizazi na utumbo uko nyuma yake, navyo hupigwa. Bahati ni kwamba seli nzima zikipewa muda hujirekebisha vizuri kuliko za saratani. Kwa sababu hiyo tiba ya kuponya hukatwa vipande vidogo vidogo: jumla ya grei 45 hadi 50 (grei ndicho kipimo chetu cha mionzi) katika vipande kama 25, siku tano kwa wiki, pamoja na dripu ya sisplatini (dawa ya saratani, yaani tibakemikali) kila wiki, halafu mionzi ya ndani inayopelekwa kwa kifaa kupitia ukeni hadi kwenye uvimbe wenyewe. Ukihamisha gunia la mahindi debe kwa debe, gunia zima litafika na mgongo utabaki mzima. Ukilibeba lote kwa mkupuo, mgongo ndio utakaolipa.

Kozi fupi hutoa grei 20 kwa vipande vitano. Kila kipande ni kikubwa, karibu mara mbili ya kile cha jirani, lakini jumla haifikii hata nusu ya alichopata yeye. Jumla hiyo haiwezi kuua saratani yote. Inatosha kufanya nini, basi? Damu anayotokwa mama inatoka kwenye vimishipa vya uvimbe, ambavyo huota haraka, kuta zake ni nyembamba na hupasuka kwa kuguswa tu. Mionzi hufanya kuta hizo zivimbe na damu igande ndani yake, kisha uvimbe wenyewe hunywea. Wagonjwa wengi huona damu ikipungua ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Harufu hufuata, kwa kuwa inatoka kwenye nyama iliyokufa na bakteria wanaoishi humo. Maumivu ndiyo huchelewa: wiki mbili, tatu, hata nne, na hayatulii kwa kila mtu. Nawaambia mapema ili Ijumaa ya siku ya tano msije mkasema haikufanya kazi.

Mnaweza kuniuliza, kwa nini asipewe wiki tano hata hivyo, si zaidi ni bora? Kama saratani imeshafika mapafuni, mionzi ya nyonga haiigusi huko. Wiki tano zingemletea kuharisha, uchovu na gharama za kuishi Mwanza, zikachukuliwa kutoka kwenye miezi aliyonayo, halafu faida ya ziada ikawa ndogo. Ningekuwa mimi ndiye daktari wake, na madoa yale ni saratani, ningeandika kozi fupi hata kama mama angekuwa mke wa waziri.

Lakini kaka yako msimpuuze. Wapo wanawake wanaopewa kozi fupi ilhali walistahili ndefu, kwa sababu foleni ya mashine imejaa, au familia haina pa kulala mjini. Jambo hilo lipo, na wagonjwa wana haki ya kuambiwa waziwazi. Mkifika, muulizeni daktari hivi: "Kama pesa na malazi visingekuwa tatizo, ungempa mama mpango huuhuu?" Akijibu ndiyo na kuwaeleza sababu, suala la umaskini limekwisha. Akisita, mwombeni awakutanishe na afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo.

Kutoa kizazi ni kosa ambalo ningewasihi mliepuke. Upasuaji hufaa saratani ikiwa bado imekaa kwenye mlango wa kizazi. Ikishagusa ukuta wa nyonga haiwezi kutolewa yote. Daktari atakata katikati ya ugonjwa, mama avuje damu, jeraha lisifunge, na kinachobaki kiendelee kukua. Shamba mtakuwa mmeliuza ili kumwongezea maumivu. Kumpeleka Ocean Road, Dar es Salaam, ni jambo jingine: ni hospitali sahihi kabisa, ila kwa kozi hii atapewa tiba ileile kwa safari ndefu zaidi. Ningekwenda huko kama mashine ya Mwanza ina tatizo, au kama mna ndugu Dar wa kuwapokea na Mwanza hamna.

Kuhusu aina za kozi, siku tano si chaguo pekee. Ipo ya mara moja tu, grei 8 kwa siku moja, ambayo naipenda kwa mgonjwa dhaifu sana au aliyetoka mbali. Ikihitajika hurudiwa baada ya wiki kadhaa. Ipo ya vipande kumi, grei 30, kwa mwenye nguvu na anayetarajiwa kuishi muda mrefu zaidi. Ipo pia ya kupiga mara mbili kwa siku kwa siku mbili, kupumzika wiki chache, kisha kurudia. Ilitokana na majaribio ya Marekani ambako mwanzoni walitoa grei 10 kwa mkupuo kila mwezi, wakagundua kwamba waliobahatika kuishi muda mrefu waliumia utumbo vibaya, wakapunguza kipande. Tafiti zinazozilinganisha kozi hizi moja kwa moja kwa saratani hii ni chache, kwa hiyo madaktari wawili wazuri wanaweza kuwapa majibu mawili tofauti bila yeyote kuwa amekosea. Kama mama atafika hoi, msishangae wala msikasirike siku tano zikigeuka siku moja.

Tibakemikali nayo ipo kwa saratani iliyosambaa. Kwa mama mwenye figo iliyoziba na damu kidogo mwilini ningekwenda nayo polepole, kwa sababu sisplatini huumiza figo. Liwe swali la baadaye, damu ikishakoma.

Kwa shangazi, mpeni salamu na mumweleze hivi. Mashine ya mionzi ya nje inafanana na ya eksirei: ikizimwa, hakuna mionzi inayobaki ndani ya mtu. Mama atashuka mezani akiwa salama kumbeba mjukuu jioni hiyohiyo, kula naye sahani moja na kulala naye. Wahudumu hutoka chumbani kwa kuwa wao wangepigwa kila siku, mwaka mzima. Na mionzi haiunguzi kama moto. Mezani hasikii kitu. Kwa dozi ya siku tano ngozi huweza kuwa nyeusi kidogo tu, basi. Jambo jingine linalozua maneno kwenye benchi la kusubiri: ikiwa mashine ni ya kobalti, nguvu ya chanzo chake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo, hivyo mashine yenye chanzo kikuukuu humweka mgonjwa mezani dakika nyingi zaidi. Dozi ni ileile. Hakuna aliyepunjwa wala aliyezidishiwa.

Sasa safari. Jibu langu ni kwamba inafaa, kwa sharti kwamba mama bado anatembea hata kwa kushikwa, anakula kidogo na anaongea nanyi vizuri. Ila asipandishwe basi kesho. Kwanza apimwe wingi wa damu. Mtu aliyetokwa damu kwa miezi anaweza kuonekana mzima kumbe damu imeshuka hadi ya hatari, na pengine ataongezewa kabla ya kuondoka. Apimwe pia kreatinini, ijulikane figo ya kulia inafanya kazi kiasi gani. Halafu mwombeni daktari wa Maweni apige simu Bugando kuuliza mambo mawili: mashine inafanya kazi wiki hii, na mgonjwa ataonwa lini? Nimeona familia zikifika Mwanza mashine iko matengenezoni na nauli imeisha. Barabara ya Kibondo na Nyakanazi ni ya kutwa nzima kwa basi, ingawa kivuko cha Busisi hakiwasumbui tena tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2025. Bebeni vitambaa vya kutosha, dawa ya maumivu anywe kabla ya kupanda, na karatasi zote: barua, majibu ya kinyama, picha ya kifua yenyewe na siyo maelezo yake tu.

Kitu kimoja cha kuacha leo: kama mnamnunulia diklofenaki au ibuprofeni dukani, acheni. Zinaumiza figo, naye anayo moja tu ya kutegemea, na zinaweza kuzidisha kutokwa damu. Paracetamoli inafaa kwa kuanzia, na ikishindwa aombewe morfini ya maji. Najua jina hilo linatisha. Haimuui mgonjwa na haimfanyi teja ikitolewa kwa kipimo. Kwa mwenye figo dhaifu daktari huanza na kiasi kidogo na kuachanisha muda wa kunywa. Itamfungia choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo itolewe siku ileile morfini inapoanza, msingoje afunge kwanza. Kwa harufu, vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa na kuwekwa ukeni kama muuguzi atakavyowaelekeza husaidia sana, hata kabla ya mionzi. Shabu, majani na dawa za unga za kukausha visiwekwe huko kabisa. Vinachubua, na damu itakayofuata inaweza isizuilike nyumbani. Kama anatumia ARV, asiache hata siku moja.

Mwanza atapimwa tena, kisha atachorwa mistari ya wino kwenye nyonga. Isifutwe wakati wa kuoga. Kupigwa kwenyewe ni dakika chache, Jumatatu hadi Ijumaa. Usiku wa kwanza anaweza kutapika, basi aombewe dawa ya kuzuia kichefuchefu kabla. Kuharisha huja mwisho wa wiki au wiki inayofuata, mkiwa mmesharudi Kasulu, kwa hiyo rudini na pakiti za ORS na dawa ya kuzuia kuharisha mliyoandikiwa. Mkojo unaweza kuwasha kwa siku kadhaa. Maumivu nayo huweza kupanda kidogo kabla ya kushuka.

Yapo ambayo mionzi haitayatengeneza. Mguu uliovimba unaweza kupungua au usipungue. Na ikiwa saratani imeshakula ukuta kati ya uke na kibofu, uvimbe ukinywea tundu linaweza kujitokeza, mkojo ukaanza kuvuja. Huwa inalaumiwa mionzi, wakati mara nyingi tundu lilikuwepo limezibwa na uvimbe. Mpira wa mkojo na usafi wa mara kwa mara ndiyo msaada wetu hapo.

Na ikitokea mama amedhoofika kiasi cha kutoka kitandani kwa kubebwa, analala mchana kutwa, mkojo umekauka, basi kumwacha nyumbani si kumtelekeza. Mionzi huchukua muda kufanya kazi, na yeye muda huo hana. Morfini, metronidazoli, dawa ya kupunguza kutokwa damu na mikono yenu vitamfaa kuliko kiti cha basi. Ningewaambia hivyo hata mama yangu angekuwa ndiye mgonjwa.

Uamuzi huo, hata hivyo, si wa kaka yako wala wako. Mama ana miaka 61, amelea, amezika, mwili ni wake, na nina hakika anajua kuna jambo. Muulizeni kwanza: "Mama, ungependa kujua kiasi gani kuhusu ugonjwa wako?" Akisema anataka kujua, aelezwe na daktari, mmoja wenu akiwa amemshika mkono. Akisema ninyi jueni kwa niaba yangu, hilo nalo ni jibu. Wapo wanaochagua kwenda Mwanza na wapo wanaochagua kubaki, na sijaona sababu ya kumlazimisha mwenye akili timamu upande wowote.

Wewe na dada zako, hii haikurithiwa kwa damu. Husababishwa na virusi vya HPV, na huchukua miaka mingi kabla ya kuwa saratani. Kama mmefika miaka 30, au mna VVU hata chini ya hapo, nendeni kituoni mkapimwe mlango wa kizazi. Mabinti wa miaka 9 hadi 14 wapate chanjo, sasa ni sindano moja.

Msisubiri tarehe ya rufaa, mkimbizeni hospitali iliyo karibu, kukiwa na lolote kati ya haya: damu inatoka mabonge au inalowesha kitambaa kizima ndani ya saa moja (hapo Kasulu au Maweni wanaweza kumwekea pamba maalumu ya kukandamiza na kumwongezea damu), anahema kwa shida au kifua kinabana ghafla, hasa kwa kuwa mguu mmoja umevimba na damu inaweza kuwa imeganda humo, homa kali, hajakojoa kutwa nzima, au anatapika na kusinzia asiamke vizuri. Mkiondoka usiku, chukueni barua ya rufaa na ile picha ya kifua, kwa sababu daktari wa zamu hatakuwa anamjua.